Kimya Kabla ya Chemko

Mcheza dansi hasamehe kimya. Sauti ikikatika, mguu hubaki hewani.

NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, Mlimani Park mwaka 1978. Katika bendi hizo za Dar es Salaam magitaa yaligawana kazi: solo, rithim, besi. Wimbo ulipoacha mashairi na kuingia kwenye chemko, mmoja akibadili mtindo, wenzake walishikilia.

Siku hizi chombo kimoja cha dijitali huiga sauti za ampulifaya nyingi. Ukikikanyaga kubadili sauti, mara nyingi hupakia mpangilio mpya kwanza, na gitaa hunyamaza kitambo kidogo.

Nimekisikia kimya hicho ukumbini Kariakoo. Mpigaji alikuwa peke yake. Hapakuwa na mwenzake wa kushikilia.