Deni Lililochukuliwa kwa Jina la Mkulima

Tarehe 6 Februari 1965, mjini Brussels, Moïse Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, na Paul-Henri Spaak, waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji, walitia sahihi mkataba wa kumaliza ugomvi juu ya madeni ya Kongo ya Wabelgiji. Uliundwa mfuko wa kuwafidia wenye hati fungani za koloni, nchi zote mbili zikiuchangia kila mwaka. Aliyeikopesha serikali akapata pa kudai haki yake. Mkulima wa Masisi au Rutshuru, huko Kivu, ambaye maendeleo yake yalitajwa wakati wa kukopa, hakuwa na pa kudai chochote.

Leo hati fungani zinapotajwa tena kuwa njia ya kuinua kilimo, inafaa tuitazame historia hiyo kutoka Goma.

Sehemu kubwa ya deni ilitokana na Mpango wa Miaka Kumi ulioanza mwaka 1949. Makadirio ya awali yalikuwa faranga bilioni 25. Matumizi yakakaribia mara mbili. Serikali iliuza hati fungani, na mwaka 1951 Benki ya Dunia ikakopesha dola milioni 40. Fedha nyingi zilikwenda kwenye usafiri: barabara, reli, mito na bandari. Mkulima Mwafrika aliletewa paysannat, yaani mashamba yaliyopimwa na wakubwa na mazao yaliyochaguliwa na wakubwa, katika nchi ambako kukwepa zao la lazima kulimfikisha mtu gerezani. Kivu nako, maeneo makubwa ya ardhi yenye rutuba yalikuwa yamekwisha kutengwa kwa walowezi kupitia Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928. Barabara zilimfaa pia mwenye kikapu cha maharagi, lakini hazikujengwa kwa kumfikiria yeye kwanza.

Uhuru haukubadilisha mpangilio huo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa mali za wageni, na mashamba mengi makubwa yakaangukia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala. Mwaka huohuo sheria ya ardhi ilithibitisha kuwa ardhi yote ni ya dola. Mkulima mdogo akaendelea kulima kwa idhini ya mwami, yaani chifu wa jadi, bila hati ambayo benki ingeikubali kuwa dhamana. Ndiyo maana Benki ya Mikopo ya Kilimo, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilikuwa mbali naye tangu mwanzo. Kisha mfumuko wa bei, uliopita asilimia 9,000 mwaka 1994, ukateketeza akiba na mikopo nchini kote. Benki hiyo haikudumu.

Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 iliahidi mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Tangu 2019 Kinshasa inauza tena hati fungani, na wanunuzi wakuu ni benki za biashara. Lakini fedha hizo huingia katika hazina ya jumla, na hakuna kinachozilazimisha kufika shambani. Goma tatizo lilizidi: waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki za biashara zilifunga milango.

Hata hivyo Kivu ina mfano wake. Katika vijiji vingi watu wamejiundia mutuelle za akiba, MUSO, zenye masanduku matatu. La kijani hutoa mikopo kutokana na michango ya wanachama. Jekundu husaidia wakati wa ugonjwa na msiba. La buluu hupokea fedha za kutoka nje. Anayeomba mkopo anajulikana kwa majirani, na malipo yanaweza kungoja mavuno. Dhamana yake ni uaminifu wake, si hati ya kiwanja.

Basi funzo ni hili: hati fungani peke yake haimsaidii mkulima mdogo. Inamnufaisha kwanza anayeinunua, kwa sababu yeye ana mkataba na riba. Mkulima naye anahitaji mkataba. Serikali ikikopa kwa jina lake, sheria itaje fungu litakalopitia sanduku la buluu na koperative za wakulima, itambue haki yake juu ya ardhi anayoilima, na iweke kando fedha za barabara za mashambani. Wabunge wa Kivu Kaskazini wasilipigie kura deni lolote la kilimo lisilo na masharti hayo matatu, maana atakayelilipa kwa kodi ni mkulima yuleyule.