Kigango Kiachwe Kioze

Ukikiona kigango kwenye kitabu cha picha, kimeegemezwa ukuta mweupe na taa inakimulika, utadhani ni sanamu ya mtu. Kichwa cha duara, shingo, kiwiliwili kirefu kilichobapa kama ubao. Lakini kwa kawaida hakina mikono wala miguu, na uso, kama upo, ni macho na pua tu. Huwezi kumtambua marehemu kwa kukitazama, na mchongaji hakutaka umtambue.

Hilo lilinishangaza, maana kazi yangu ya kwanza gazetini ilikuwa kupanga matangazo ya vifo. Miaka miwili nzima! Kila familia ilileta picha: mzee ndani ya suti, mara nyingi imekatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani bado linaonekana pembeni. Kwetu sisi wa magazeti, kumkumbuka mfu ni kuonyesha sura yake, haraka, kabla ya Jumamosi ya mazishi.

Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda hawakuwa na haraka hiyo. Kigango kilichongewa mzee wa Gohu, chama cha wanaume wenye uwezo, ambacho mtu alijiunga nacho kwa kutoa ada na kulisha watu. Wengine walisimikiwa koma, vigingi vifupi visivyo na mapambo mengi. Yaani hata kaburini kulikuwa na matabaka, tusidanganyane. Ila kigango hakikuwa sehemu ya mazishi. Mzee alizikwa, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani. Huenda ikapita miaka. Kisha mtoto anaugua ugonjwa usioeleweka, au mvua inakataa, au mmoja wa wana anamwota baba yake akilalamika kwamba amesahauliwa. Wanakwenda kwa mganga, na jibu linakuja: mzee anataka mti wake.

Hapo ndipo mchongaji anapotafutwa. Mti ni mgumu, ili mchwa wahangaike nao. Kifuani na ubavuni zinachongwa pembetatu ndogondogo, safu kwa safu, pengine na duara lenye umbo la ua, kisha zinapakwa rangi. Kigango kinasimikwa mjini kwa marehemu, kinavishwa vitambaa, kinamwagiwa tembo la mnazi na damu ya mnyama, na mzee anasemeshwa. Anaambiwa shida za nyumba yake. Anaombwa atulie.

Nikisoma maelezo haya naona watu ambao hawakuchukulia kifo kama tukio la siku moja. Kwao kilikuwa uhusiano ulioharibika ambao ungeweza kutengenezwa, na chombo cha kuutengenezea kilikuwa patasi. Ndiyo maana sura haikuwa na maana: familia haikuhitaji kukumbushwa baba alifananaje. Ilihitaji mahali pa kuzungumza naye.

Pwani hiyohiyo kulikuwa na mafundi wengine waliojibu swali hilo kwa mawe. Nenda Gede, utakuta kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Hao walijenga ili jiwe liwashinde wajukuu, na kweli limewashinda. Kigango hakikuwa na nia hiyo. Familia ilipohama, kigango kilibaki palepale, kwenye mahame, na huko iendako kikachongwa kidogo cha pili, kibao. Cha kwanza kiliachiwa jua, mvua na mchwa. Hakuna aliyekwenda kukipaka dawa.

Sasa fikiria kitu cha namna hiyo mikononi mwa wanunuzi wa sanaa. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vilianza kung'olewa, vingine usiku na wezi, vingine na vijana wa koo zenyewe waliotaka pesa, na vikaishia katika maduka ya watalii, majumba ya makumbusho ya Marekani na sebule za waigizaji wa Hollywood. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye viliibiwa. Mzee akafa bila kuviona tena. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu, Udvardy akakutana na kimoja katika slaidi za mwenzake: kilikuwa Illinois. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia. Picha moja ya kamera ndiyo iliyotoa ushahidi, na hapo nakiri magazeti na kamera vina kazi yao.

Hivyo viwili vilikuwa na bahati. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Wanasiasa walihutubia. Lakini vilipong'olewa hakuna aliyeandika ni vya mji gani wala vya mzee nani. Sasa tembo la mnazi atamwagiwa nani?

Naonelea visiwekwe nyuma ya kioo, si Nairobi wala Mombasa. Visimikwe ardhini kando ya mojawapo ya kaya, wazee wakiridhia, kama vilivyokuwa, vinyeshewe. Watu wa makumbusho watasema huko ni kuharibu urithi wa taifa. Wengine watasema vitaibiwa tena, na hao nawaelewa zaidi, kwa sababu bei yake ng'ambo haijashuka hadi kufikia ya kuni. Basi apatikane mlinzi. Alindwe mwizi asipite, mchwa apite.