Chumbe, Hifadhi ya Matumbawe ya

Kisiwa kidogo kilichoko kusini-magharibi ya mji wa Unguja, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, ambacho mwamba wake Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, utunzwe na kampuni binafsi kwa mapato ya watalii. Matumbawe, ambayo wengi huyadhania kuwa mawe matupu, yamejengwa na viumbe hai. Unyayo wa mgeni au nanga iliyotupwa bila hadhari huvunja kilichokua kwa miaka mingi, na maji machafu ya hoteli huurutubisha mwani hata ukayasonga. Kwa sababu hiyo nyumba za wageni Chumbe ni saba tu. Maji ni ya mvua ikingwayo paani, umeme ni wa jua, na vyoo ni vya mboji, visivyomwaga kitu baharini. Mgeni huelea na kutazama. Kuvua na kuokota kombe ni haramu, na walinzi, tadbiri ya busara kuliko zote, walichaguliwa miongoni mwa wavuvi wenyewe. Hata hivyo joto la bahari la mwaka 1998, lililoyapausha matumbawe ya pwani yote, halikungoja ruhusa ya mlinzi.

Kenya ilitangulia kwa hifadhi za Malindi na Watamu, mwaka 1968. Msomaji wa bara ya Kenya, aliye mbali na bahari, na aitazame Saiwa karibu na Kitale, hifadhi tangu 1974, ambako nzohe, swala wa majimajini, hutazamwa kwa miguu, kutoka njia na majukwaa ya mbao yaliyojengwa juu ya kinamasi.