Unasimama kutwa kazini? Kagua haya kabla ya kununua kiatu

Madaba. Mama ntilie wa kando ya barabara kuu ya Njombe–Songea, muuguzi, mwalimu na mlinzi wa getini wanajua hali hii: ikifika jioni, nyayo zinawaka moto. Wengi husema ni uchovu tu, kumbe mara nyingi kiatu nacho kinachangia.

Kinachowaponza wengi ni kiatu kipya cha bei chee chenye soli nyembamba. Kinapendeza wiki mbili, halafu unakuwa kama unakanyaga sakafu moja kwa moja. Kwa mwenye bajeti ndogo, raba nzuri ya mtumba mara nyingi inamfaa zaidi. Ila ujue kuikagua.

Ukiwa mnadani

Shika kiatu mbele na nyuma, ukikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vya mguu vinapokunjikia. Kikijikunja katikati kama chapati, kirudishe. Bonyeza sehemu ya nyuma ya kisigino, iwe ngumu. Kisha viweke viwili mezani uviangalie kwa nyuma. Kama vimelalia upande, aliyevivaa mwanzo ameshavipindisha na wewe utatembea mwendo wake.

Mtego mkubwa ni umri wa soli. Zipo soli laini zinazoharibiwa taratibu na unyevunyevu, hata kiatu kikikaa tu kabatini. Ndiyo maana raba inayong'aa kama mpya inaweza kuanza kupukutika siku ya tatu. Ibonyeze kwa ukucha pembeni. Ikitoa unga, ikinata au ikiwa na nyufa, achana nayo, hata kama jina lake ni kubwa kiasi gani.

Nenda kununua mchana au jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Vaa vyote viwili, simama, tembea. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya karibu upana wa kidole gumba. Muuzaji akikwambia "kitaachia tu", jua atakayeumia ni wewe, siyo yeye.

Kabla hujaanza kukivaa

Toa sponji ya ndani ya zamani, weka mpya. Kifue kwa sabuni na ukianike mpaka kikauke kabisa, maana fangasi hupenda kiatu chenye unyevu. Kama soli imeshikwa na gundi peke yake, mpe fundi aishone kuzunguka mapema. Ukisubiri mpaka iachame kwenye tope la Februari, umechelewa.

Na ndala? Za nyumbani hizo. Hazishiki kisigino, kwa hiyo vidole hufanya kazi ya kuzing'ang'ania kutwa nzima. Katambuga za tairi zinadumu kweli, lakini soli yake ni ngumu kwa mtu anayesimama saa nane.

Umeajiriwa na kazi yako ni ya majimaji au kemikali? Usikimbilie mfuko wako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa kazi za aina hiyo, viatu vikiwemo.

Kisigino kikiuma kila asubuhi unapokanyaga hatua za kwanza, na hali ikaendelea kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo wiki: akiona lengelenge au kidonda mguuni, aende siku hiyohiyo.