Fundi, Kilwa na lori la mchanga

Wiki nzima nimeshinda saiti, siyo kwa kazi ya gazeti bali kwenye kibanda cha Mama huko Mbagala. Jumamosi likaja lori la mchanga wa bei poa. Nikachota kidogo, nikaweka ulimini. Chumvi tupu!

"Fundi, huu si wa baharini?"

"Aah, mwandishi! Mbona Kilwa walijengea huohuo na mpaka leo ipo?"

Akanifunga mdomo, maana Kilwa nimefika. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa sana karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Saruji ya kiwandani haikuwapo. Mafundi walichoma matumbawe juu ya lundo la magogo wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga na vipande vya matumbawe. Hilo ni zege kamili jamani: chokaa mahali pa saruji, matumbawe mahali pa kokoto. Tena matumbawe yana vitundu, ni mepesi, kwa hiyo kuba halizielemei nguzo. Warumi nao walifanya hivyo kwenye kuba la Pantheon, karne ya 2: mawe mazito chini, yale mepesi ya volkano juu. (Shuleni tulikaririshwa tarehe tu, haya hatukuambiwa.)

Wengi wetu tunadhani mchanga na kokoto ni vya kujazia tu ili saruji isiishe haraka. Kumbe karibu robo tatu ya zege ni hivyo viwili. Kokoto hubeba mzigo, mchanga huziba mianya kati ya kokoto, saruji na maji huziba mianya ya mchanga na kugandisha vyote. Kokoto zikiwa za saizi moja, mianya inakuwa mingi na saruji inaliwa. Mwaka 1907 Wamarekani wawili, William Fuller na Sanford Thompson, walichapisha utafiti wa namna ya kupanga saizi hizo. Mwaka 1918 Duff Abrams wa Chicago akaonyesha kuwa maji yakizidi mbele ya saruji, nguvu inashuka. Ndiyo maana mchanga wenye udongo ni balaa, unadai maji mengi.

Sasa nikamrudia fundi. Kuba za Kilwa hazina nondo! Chumvi ilikuwa haina cha kula. Nyumba ya Mama ina nondo, na chumvi ikifika kwenye chuma kinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutokea ndani. Na hata Kilwa sehemu ya paa la msikiti iliwahi kuanguka, ikajengwa upya karne ya 15.

Tarehe 29 Machi 2013 nilikuwa darasa la sita ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka hapa Dar na kuua watu 36. Sisemi lilikuwa suala la mchanga. Ila tangu hapo nikisikia fundi anasema "itashika tu", tumbo linanicheza.

Lori limerudi lilikotoka. Mama kaninunia, nauli imekwenda bure. Fundi kaniambia zege halilali, nikamjibu hili bado halijaamka. Jumatatu unakuja mchanga wa mtoni, na chupa ya kupimia udongo nimeshaiosha.