Marudiano ya Ubingwa: Kutoka Charlotte 1995 hadi Las Vegas 2005

Marudiano katika michezo ya mapigano, yaani pambano la pili kati ya watu wawili waliokwisha kukutana ulingoni, hutegemea mambo ambayo mtazamaji wa leo hudhani yamekuwapo siku zote: uzito uliopimwa, raundi zenye muda maalumu, majaji wa kuamua pale ambapo hakuna aliyeshindwa waziwazi, na mkanda ambao bingwa huushikilia mpaka atokee wa kumnyang'anya. Mashindano ya Ultimate Fighting Championship, kwa kifupi UFC, yalipofanyika kwa mara ya kwanza mjini Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, sanaa za mapigano mchanganyiko, mchezo unaokusanya ngumi, mateke, mieleka, kabali na mbinu za kukunja viungo, hazikuwa bado na mambo hayo yote. Historia ya marudiano ya ubingwa katika mchezo huu haiwezi basi kutenganishwa na historia ya kanuni zake.

Waasisi wa mashindano ya Denver, Rorion Gracie na Art Davie, walitaka kujua ni sanaa ipi ya mapigano inayozishinda nyingine, na kwa ajili hiyo waliwapambanisha wanaume 8 kwa mtindo wa mtoano katika usiku mmoja, bila kujali uzito, huku makatazo makuu yakiwa ni kung'ata na kuchokoa macho. Royce Gracie, mdogo wake Rorion na bingwa wa jiujitsu ya Kibrazili, aliwashinda wapinzani 3, akiwamo Ken Shamrock, ambaye alikabwa na kusalimu amri kabla dakika moja haijatimia. Mtoano wa namna hiyo haumpi aliyeshindwa nafasi ya kurudi, na ndiyo maana Shamrock alisubiri hadi tarehe 7 Aprili 1995, pale waandaaji walipotenga kwa mara ya kwanza pambano maalumu la ubingwa nje ya mtoano, mjini Charlotte, North Carolina.

Miezi michache kabla ya hapo, mjini Tulsa, pambano la Gracie na Dan Severn lilikuwa limechukua karibu dakika 16, na muda wa matangazo ukakatika wakati watazamaji wengi waliolipia bado hawajauona mwisho wake. Kwa sababu hiyo Charlotte iliwekewa kikomo cha muda. Majaji, hata hivyo, hawakuwekwa. Gracie na Shamrock walishikana kwa dakika 36 pamoja na nyongeza, kwa sehemu kubwa Shamrock akiwa juu na Gracie chini yake, kisha ikatangazwa sare kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema vinginevyo. Hayo ndiyo marudiano makubwa ya kwanza ya mchezo huu, na ni haki kusema kwamba yalishindwa kutimiza kazi yake, si kwa uzembe wa wapiganaji, bali kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa haujajijengea njia ya kutoa jibu.

Marekebisho yaliyofuata yalitokana na shinikizo zaidi kuliko hiari. Mwaka 1996 Seneta John McCain wa Arizona, aliyeufananisha mchezo huu na kupiganisha majogoo, aliwaandikia magavana wa majimbo yote 50 akitaka upigwe marufuku, na kampuni kubwa za televisheni ya kebo zikaacha kuuonyesha. Majaji walikuwa wameingizwa Desemba 1995, yakafuata madaraja ya uzito mwaka 1997 na raundi za dakika 5 mwaka 1999, mpaka bodi ya michezo ya New Jersey ilipoziunganisha kanuni hizo mwaka 2000: raundi 3 kwa pambano la kawaida na 5 kwa la ubingwa, majaji 3, glovu za lazima, na marufuku ya kupiga kwa kichwa na ya kupiga sehemu za siri, kisogo na uti wa mgongo. Mwezi Januari 2001 ndugu Lorenzo na Frank Fertitta waliinunua UFC kwa dola milioni 2, na mwaka huohuo Nevada, ngome ya ndondi, ikaukubali mchezo huu.

Katika mazingira hayo mapya ndipo Randy Couture na Chuck Liddell walipokutana tarehe 6 Juni 2003, huko Las Vegas. Couture, mwanamieleka aliyekuwa na siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 40, alikuwa ameshuka daraja moja kutoka uzito wa juu baada ya kupoteza mara mbili mfululizo, na wengi walimwona kama mtu aliyekwisha; Liddell alisifika kwa mkono wa kulia mzito na kwa ustadi wa kukataa kuangushwa. Couture hakumkimbia wala hakuharakisha kumshika miguu, bali alipiga ngumi fupi zilizonyooka ambazo zilifika kabla ya zile za Liddell za kuzungusha, na mpinzani alipoanza kurudi nyuma akamwangusha na kumshinda katika raundi ya 3. Mkanda alioutwaa usiku huo ulikuwa wa muda, kwa kuwa bingwa wa daraja hilo, Tito Ortiz, hakuwa amepigana na Liddell, lakini miezi 3 baadaye Couture alimshinda Ortiz pia.

Kabla ya marudiano yao, wamiliki, ambao biashara yao ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara, waligharimia wenyewe kipindi cha televisheni, The Ultimate Fighter, kilichoanza Januari 2005 na ambamo vijana waliotafuta mkataba walifundishwa na Couture na Liddell, kila mmoja akiwa na timu yake. Fainali ya tarehe 9 Aprili kati ya Forrest Griffin na Stephan Bonnar, iliyotazamwa bila malipo ya ziada na kuamuliwa kwa majaji baada ya raundi 3 za kupigana bila kupumzika, iliwavutia watu ambao hawakuwahi kuujali mchezo huu, na wiki moja tu baadaye, tarehe 16 Aprili 2005, walimu wale wawili wakaingia katika ulingo wa pembe nane wa MGM Grand Garden Arena, katika mashindano yaliyopewa jina la UFC 52.

Usiku huo ulikuwa na marudiano mawili ya ubingwa, na lile lililotangulia linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko kawaida. Matt Hughes, bingwa wa uzito wa welta, alikuwa akikutana tena na Frank Trigg, ambaye Hughes alikuwa amemshinda mwaka 2003. Mapema katika raundi ya kwanza goti la Trigg lilimpiga Hughes sehemu za siri, kosa ambalo kwa kanuni lingempa aliyeumia hadi dakika 5 za kupumzika, lakini mwamuzi Mario Yamasaki hakuliona. Hughes alipogeuka kulalamika akapigwa, akaanguka, kisha akakabwa kwa nyuma. Alijinasua, akamnyanyua Trigg begani, akavuka naye ulingo mzima na kumbwaga upande wa pili, na kabla raundi haijaisha akamshinda kwa kabali ileile aliyokuwa amewekewa yeye. Pambano hilo husifiwa kwa ushujaa, na kwa haki kabisa, lakini lilionyesha pia kwamba kanuni iliyoandikwa vizuri bado ilitegemea macho ya mtu mmoja.

Marudiano ya Couture na Liddell yalikuwa mafupi. Liddell, aliyejifunza kutokana na pambano la kwanza, alidumisha umbali na kumwacha Couture aje, na baada ya dakika 2 na sekunde 6 mkono wake wa kulia ukamaliza kazi kwa nokauti, akawa bingwa akiwa na miaka 35. Wawili hao walikutana mara ya tatu Februari 2006, Liddell akashinda tena kwa nokauti katika raundi ya 2, na Couture akatangaza kustaafu usiku uleule. Alirejea Machi 2007, akiwa na miaka 43, na kumvua Tim Sylvia ubingwa wa uzito wa juu baada ya raundi 5, kwa uamuzi wa majaji wote 3.