Wafu Walio Hai Ni Mali ya Nani?

Mwulize kijana yeyote wa mjini, yule mnyonya damu wa kwenye sinema anauawa namna gani? Hatakawia kukujibu: jua! Mwanga wa alfajiri ukimpiga tu, kwisha habari yake. Sasa mwulize kajuaje. Atakucheka. Ati nani asiyejua?

Lakini hebu fungua kitabu chenyewe kilichomtangaza duniani, Dracula cha Bram Stoker, kilichotoka mwaka 1897. Utashangaa. Humo Dracula anaonekana London mchana kweupe. Jua likiwa juu nguvu zake hupungua, basi. Hafi.

Kifo cha jua kilikuja mwaka 1922 huko Ujerumani, katika filamu bubu iitwayo Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Na filamu hiyo, ndugu msomaji, ilitengenezwa bila idhini ya wenye kitabu. Kampuni ya Prana-Film ilibadilisha majina, Dracula akawa Orlok, wakadhani wameokoka. Lakini wapi! Florence, mjane wa Stoker, akawafuata mahakamani. Mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote za filamu hiyo ziharibiwe. Wakati huo kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kufilisika. Hata hivyo nakala kadhaa ziliponyoka, na leo Nosferatu inahesabiwa miongoni mwa filamu kubwa za karne iliyopita. Ile kanuni ya jua imeingia vichwani mwa watu wa dunia nzima, tena wengi hawajawahi kulisikia jina la Murnau.

Hapo ndipo penye swali linaloninyima usingizi. Hadithi ni mali ya nani? Ya aliyeitunga kwanza, ya aliyeibadilisha, au ya sisi tunaoisimulia?

Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu. Riwaya yangu ya kwanza naiandika usiku, nyumba ikishalala. Mapenzi yangu ni mawili: sinema za kutisha za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe, na michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Washkaji wananiona kama nimechanganyikiwa kidogo. Lakini nimeichimba historia ya vitu hivi viwili nikakuta ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba kesi yao ndiyo kesi yetu sisi tunaojifunza kuandika.

Tuanze na sinema. Mwaka 1931 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa Dracula, Bela Lugosi akiwa na joho lake, na kabla mwaka haujaisha ikatoa Frankenstein, iliyoongozwa na James Whale. Humo Boris Karloff alipakwa na kubandikwa uso wa maiti na fundi Jack Pierce. Watu walifurika. Baadaye mtindo ukapita, filamu zikawekwa ghalani. Halafu mwaka 1957 fungu la filamu 52 za zamani liliuzwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani. Vituo vilizirusha usiku, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa Lugosi alipokuwa nyota wakazitazama sebuleni kwao, blanketi limefika puani.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, kampuni ya Hammer ya Uingereza ilianza kuwafufua wafu walewale kwa rangi. Katika Dracula yao ya 1958, Christopher Lee ndiye mnyonya damu, na Peter Cushing ni Daktari Van Helsing anayemwinda. Mwishoni Cushing anarukia pazia na kulivuta, jua linaingia. Kisha anashika vinara viwili vya mishumaa, anavipishanisha vikawa msalaba, na kumsukumia adui yake kwenye mwanga. Mimi nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kwenye simu, na bado roho hunidunda. Angalia lakini: jua lile ni la Nosferatu. Mahakama iliamuru lichomwe, nalo limerudi dirishani.

Sasa tuhamie mezani. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, alikuwako kijana aitwaye Dave Arneson. Yeye na wenzake walikuwa wakicheza vita kwa askari wadogo wa kuchezea. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwishoni mwa juma moja alishinda akitazama sinema za mazimwi kwenye televisheni na kusoma vitabu vya Conan, huku akitafuna bisi na kuchorachora kwenye karatasi ya grafu. Michoro ile ikawa ngome, na chini ya ngome kukawa na mapango. Kufikia mwaka 1971 wenzake hawakuwa tena wakiongoza majeshi. Kila mmoja alikuwa mtu mmoja, mwenye jina na woga wake, akishuka ngazi gizani. Nchi ile waliiita Blackmoor.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze. Mmoja ndiye msimulizi. Anawaambia wenzake, "Mmefika mbele ya mlango. Nyuma yake kitu kinakwaruza. Mnafanya nini?" Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika wake. Jambo likiwa na mashaka, inarushwa dadu, na dadu haimwonei mtu haya. Sisi tuliokua na "Paukwa!" na kujibu "Pakawa!" hatuwezi kuuona kama mgeni kabisa. Tofauti ni kwamba katika hadithi za bibi tuliitikia tu, na sungura alifanya alilopangiwa. Hapa wasikilizaji ndio sungura.

Basi, huko Blackmoor mchezaji mmoja mhusika wake aligeuka mnyonya damu, akaitwa Sir Fang. Akawa tishio, hashikiki. Ikabidi itafutwe dawa. Dawa ilikuwa aina mpya ya mhusika: kasisi mwenye uwezo wa kuwafukuza wafu kwa imani yake, na wa kwanza kumcheza alikuwa Mike Carr. Mfano wake walimtoa wapi? Kwa Van Helsing yule wa Peter Cushing! Mwezi Januari 1974 Arneson na Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva, walipoutoa mchezo wao uitwao Dungeons & Dragons, kasisi huyo alikuwa mmoja wa aina tatu tu za wahusika, pamoja na mpiganaji na mchawi. Tangu siku hiyo watu mamilioni wameinua alama takatifu mezani mbele ya mifupa inayotembea, na wengi hawajui kwamba wanaigiza vinara vya mishumaa vya mwaka 1958.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kimaskini, jambo linalonipa moyo. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, na visanduku vilipangwa kwa mikono nyumbani kwa Gygax. Baadhi ya mazimwi yao yalitokana na midoli ya plastiki ya bei rahisi, vidude vya ajabu ambavyo hata aliyevitengeneza sidhani alijua ni vitu gani. Wao wakavipa majina, tabia na njaa. Mwaka 1979 dadu zilipowaadimikia wakaweka ndani ya kisanduku vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, mchezaji avitie kikombeni na kuchomoa kimoja. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwani mimi na wenzangu wanne hatuna dadu ya pande 20. Tumeandika namba kwenye vikaratasi, tumevitia kwenye kopo la maziwa, na mambo yanakwenda.

Mpaka hapa unaweza kusema: kumbe ni rahisi, kila mtu na achukue cha mwenzake, dunia ifurahi! Taratibu. Waliochukua nao walikuja kudaiwa. Toleo la kwanza la mchezo lilikuwa na hobiti, watu wafupi wa vitabu vya Tolkien. Mwaka 1977 wenye haki wakawajia juu, na hobiti wakabadilishwa jina. Na waliokuwa wakidaiwa nao walidhulumiana. Kampuni ya TSR, iliyomiliki mchezo, ilipotoa matoleo mapya bila kumlipa Arneson alichoamini ni haki yake, yule aliyechora mapango ya kwanza ilimbidi aende mahakamani mwaka 1979. Waliafikiana mwaka 1981. Gygax naye alipokonywa usukani wa kampuni mwaka 1985, akaondoka katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Lakini kisa kinachouma kuliko vyote ni cha George Romero. Mwaka 1968, karibu na Pittsburgh, yeye na marafiki zake walitengeneza filamu kwa fedha kidogo sana kwa viwango vya Marekani, kama dola 114,000. Damu yao ilikuwa shira ya chokoleti, maana katika picha ya nyeusi na nyeupe nani atajua? Utumbo ulitoka kwa mwenye bucha. Shujaa wa hadithi alikuwa Duane Jones, mwigizaji mweusi, katika mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Mhusika wake anapigana na maiti usiku kucha ndani ya nyumba iliyozingirwa, anapona peke yake, na asubuhi anapigwa risasi na Wazungu wenye bunduki waliokuja kuwaua wafu. Sijapata kuona mwisho wa filamu uliokaa kifuani mwangu namna ile.

Filamu ilipewa jina jipya dakika za mwisho, Night of the Living Dead. Wasambazaji walipobadilisha jina kwenye picha, maneno ya hakimiliki yaliyokuwa chini ya jina la zamani yakatoka pamoja nalo. Mstari mmoja tu! Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu isiyo na mstari huo ilikuwa ya kila mtu. Wengine waliinakili, wakaiuza na kuionyesha watakavyo, na jasho la Romero na wenzake likanufaisha wasiolitoa. Lakini ni kwa sababu hiyohiyo ilifika kila pembe. Maiti wale wanaotembea polepole wakila watu, ambao ndani ya filamu hiyo hawaitwi hata mara moja zombi, wamezaa filamu, michezo na vitabu visivyohesabika. Romero alifariki mwaka 2017. Zimwi lake limetajirisha watu wengi kuliko yeye.

Hilo linanigusa mwenyewe. Hadithi yangu fupi ilipata kusomwa hadharani, tena mbele ya watu wengi, bila jina langu. Watu walicheka nilipotaka wacheke, wakanyamaza nilipotaka wanyamaze. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Sijui niseme nilifurahi au niliumia. Yote mawili, nadhani.

Kwa hiyo tufanyeje? Jibu langu nimelitoa katika historia hii. Kuchukua si dhambi, bora ubadilishe. Murnau alichukua mnyonya damu akampa jua. Arneson alichukua kasisi akampa kiti mezani, ili wewe na mimi tumcheze. Asiyebadilisha ananakili tu. Halafu, jina lako liandike. Sheria siku hizi ina huruma kidogo: Marekani yenyewe iliacha kudai ule mstari tangu tarehe 1 Machi 1989, na Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, ambao unamlinda mtunzi bila kumdai sharti la namna hiyo. Lakini sheria haiwezi kukutambulisha kwa watu ikiwa karatasi yako haina jina.

Na wenye mali nao wamefunzwa adabu. Mwezi Januari 2023 ilivuja habari kwamba kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki Dungeons & Dragons, ilitaka kukaza leseni iliyokuwa wazi tangu mwaka 2000, iliyowaruhusu wengine kutunga kwa kutumia kanuni za mchezo. Wachezaji waliwaka. Wengi wakafuta usajili wao wa kulipia. Kabla mwezi haujaisha, kampuni ilirudi nyuma na kuziachia kanuni za msingi kwa leseni ambayo haiwezi kuifuta tena. Maana yake ni kwamba hata kijana wa Manzese anaweza kuzitumia, akatunga mchezo wake na kuuuza, mradi ataje alikozitoa.

Sasa tuna kisingizio gani? Pwani yetu ina mumiani, mnyonya damu aliyewatisha babu zetu bila kumsubiri Dracula aje kwa meli. Hana kampuni, hana hati, hana mjane wa kutushtaki. Katika mchezo tunaoucheza Jumamosi, mumiani anatembea usiku na ndoo, na bado hatujakubaliana anauawa kwa kitu gani. Mmoja wetu anasema chumvi. Mwingine anasema ni kumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Jua tumelikataa, hilo ni la Murnau. Nimeyaandika yote kwenye daftari la kurasa 96, na juu ya kila ukurasa nimeandika majina yetu watano.